Namna Tulivyoitengeneza Chensoo Kuukuu ya Baba Mkubwa

Mhariri wa gazeti letu ametuomba sisi wa Kidato cha Nne tuandike habari ya kazi yo yote ya mikono tuliyoifanya wakati wa likizo ya mwezi wa Juni. Wenzangu wengine wataandika habari za mashamba na mifugo. Mimi nimechagua kuandika habari ya chensoo, kwa kuwa ndiyo iliyonishughulisha kwa muda wa siku sita, na kwa kuwa nadhani wasomaji wengi wa gazeti hili wametoka katika nyumba zenye chombo hiki au zinazokitegemea.

Kwetu ni wilaya ya Mufindi. Huko miti hulimwa kama mahindi yanavyolimwa kwingine. Mbali na Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote katika Tanzania, karibu kila nyumba ina kijishamba chake cha misindano au cha milingoti. Mtu hupanda miti mtoto wake angali anatambaa, na mtoto huyo akifika umri wa kwenda chuo au kuoa, miti nayo imefika umri wa kukatwa. Basi miti ndiyo benki yetu, na chensoo ndiyo ufunguo wa benki hiyo.

Labda yuko msomaji wa pwani au wa mjini ambaye hajapata kuiona chensoo kwa karibu. Ni msumeno wa mnyororo uendeshwao kwa injini ndogo ya petroli. Mbele ya injini pana bapa refu la chuma, lenye mfereji mwembamba kuzunguka ukingo wake wote. Ndani ya mfereji huo hupita mnyororo wenye meno, ukivutwa na gurudumu dogo la meno lililo karibu na injini. Mwaka 1926 Mjerumani mmoja, Andreas Stihl, alitengeneza msumeno wa namna hii ulioendeshwa kwa umeme, wenye uzito wa kilo 48, nao ulihitaji watu wawili kuushika. Mwaka 1929 akatengeneza wa petroli. Na meno ya mnyororo tunayoyaona leo yatokana na fikira za mkata miti wa Marekani aliyeitwa Joseph Cox. Mwaka 1946 Bwana huyo alimtazama buu wa mbawakawa akila mti mbichi, akaona kwamba buu yule hakuukwaruza mti kama msumeno wa kawaida, bali aliutafuna upande wa kulia na upande wa kushoto kwa zamu. Akachonga meno ya mnyororo kwa mfano wa taya za mdudu yule. Kumbe hata mdudu mharibifu aweza kuwa mwalimu.

Sasa nieleze jambo ambalo ndilo kiini cha habari yangu. Injini inapokwenda kwa nguvu zote, mnyororo hupita juu ya bapa kwa mwendo wa zaidi ya mita 20 kwa sekunde moja, yaani kuzidi kilometa 70 kwa saa, kama gari lililo katika barabara kuu. Chuma kinasugua chuma bila kupumzika. Tuliosoma fizikia twajua kwamba msuguano huzaa joto. Kwa hiyo chensoo hupewa matangi mawili: moja la petroli ya injini, na la pili la oili ya mnyororo. Tangi la oili kwa kawaida ni kama nusu ya lile la petroli, na yote mawili yamepimwa ili petroli iishe kabla ya oili kidogo tu. Chensoo nyingi za miaka ya 1950 zilikuwa na kitufe, na mkataji alikibonyeza kwa kidole gumba kila mara ili kuupa mnyororo oili. Siku hizi iko pampu ndogo inayofanya kazi hiyo yenyewe. Na kwa kuwa pampu hiyo imefichwa ndani, watu wengi hawajui kama ipo mpaka siku ile inapokataa.

Chensoo ya Baba Mkubwa ina miaka mingi. Rangi yake imekwisha chubuka yote, na mpini wake umefungwa kwa ukanda wa mpira. Lakini ndiyo iliyonilea mimi tangu baba yangu alipofariki. Nauli yangu ya kuja shuleni, godoro langu na sanduku langu vyote vilitoka katika meno ya mnyororo ule. Nilipofika nyumbani mwanzoni mwa likizo nilimkuta Baba Mkubwa amekaa mlangoni, naye hakuwa mtu wa kukaa mlangoni wakati wa asubuhi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanionyesha bapa la chensoo. Lilikuwa limegeuka rangi ya buluu kama shingo ya kanga, na rangi yake ya asili ilikuwa imeungua. Kaka yangu, yaani mwanawe wa kwanza, alinieleza mambo yalivyokuwa. Ati kwa muda wa wiki tatu mnyororo ulikuwa ukitoa moshi, ukilegea baada ya kukata magogo mawili matatu tu. Wanaukaza, unalegea tena. Siku mbili kabla ya mimi kufika, mnyororo ulichomoka kwenye bapa katikati ya kazi, ukarudi nyuma, ukachana glavu ya Baba Mkubwa tangu kidole cha shahada hata kifundo cha mkono. Kama si kile kijiti cha chuma kilichowekwa chini ya chensoo ili kuudaka mnyororo, ungalichana mkono wenyewe.

Wakati huo huo Baba Mkubwa alikuwa amekwisha patana na mjane mmoja, jirani yetu, kumwangushia misindano yake 40. Barua ya serikali ya kijiji ilikuwa imetoka, na mnunuzi wa magogo alikuwa ameahidi kuleta lori siku ya Jumatatu ya wiki ya pili. Mama yule alikuwa na kuta za nyumba zilizosimama bila paa tangu mwaka uliopita, na fedha ya misindano ile ndiyo iliyokuwa mabati yake. Lori likikosa mzigo huenda kijiji kingine, na haijulikani litarudi lini.

Baba Mkubwa alikuwa amekwisha kwenda mjini kwa fundi mmoja. Fundi yule alizibua tundu la bapa kwa waya, akaiwasha chensoo, akaona bapa bado ni kavu. Akasema, "Mzee, pampu imekufa. Na pampu ya chensoo ya zamani kama hii huipati. Nunua chensoo mpya." Hakuifungua. Bei ya chensoo mpya Baba Mkubwa aliijua, nayo ilikuwa sawa na thamani ya kijishamba chetu cha misindano ambacho hakijakomaa. Ndiyo maana alikuwa amekaa mlangoni: alikuwa akifikiri kuiuza miti michanga.

Usiku ule sikupata usingizi upesi. Nilikumbuka mambo tuliyofundishwa darasani juu ya pampu, kwamba pampu haivuti kwa uchawi: huondoa hewa upande mmoja, na kitu kilicho upande wa pili husukumwa kuijaza nafasi ile. Nikawaza kwamba toka ndani ya tangi mpaka kwenye mnyororo oili ina safari ndefu, nayo yaweza kuzuiliwa po pote njiani. Fundi alitazama mwisho wa safari tu, kisha akailaumu pampu, ambayo iko katikati. Maji hufuata mkondo. Basi mtu atafutaye mahali maji yalipozibwa yampasa naye aufuate mkondo tangu chemchemi.

Asubuhi nilimwendea Baba Mkubwa nikamwambia, "Shikamoo, Baba Mkubwa. Naomba ruhusa yako niifungue chensoo tuitazame kabla hujauza miti."

Akaniuliza, "Umepata kufungua injini ngapi?"

Nikajibu, "Hata moja."

Akacheka, nikafurahi kuona kwamba angali aweza kucheka. Akasema, "Basi hii itakufaa. Imekwisha kufa, huwezi kuiua mara ya pili. Lakini mimi nitakaa hapa hapa, na kila msumari unaoutoa utauweka katika sahani hii kwa mpango."

Kwanza tuliondoa waya wa plagi, ili injini isiweze kuwaka kwa bahati mbaya tukiwa na vidole ndani. Tukafungua nati mbili za kifuniko cha pembeni, tukatoa bapa na mnyororo. Mfereji wa bapa ulikuwa umejaa unga wa mbao ulioshikamana na oili nyeusi mpaka ukawa mgumu kama ulimbo. Nikaukwangua wote kwa ncha ya kisu. Kisha tuliurudisha waya wa plagi, Baba Mkubwa akaiwasha chensoo bila bapa, akaikanyaga vema na kuivutia moto, nasi wengine tukasimama mbali. Pana tundu dogo katika mwili wa chensoo, mahali bapa linapoegemea. Oili ikifika salama sharti itokeze hapo. Tulitazama muda mrefu, halikutoka hata tone. Basi tukajua kwamba bapa halina hatia, na kwamba kizuizi kiko ndani zaidi.

Tukaondoa waya wa plagi tena. Pampu ya chensoo ile imekaa nyuma ya klachi, na klachi imefungwa barabara kwenye mhimili wa injini. Ukiigeuza, injini nayo inageuka, wala haifunguki. Hapo nilisimama nisijue la kufanya. Baba Mkubwa, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la saba, aliinuka, akaitoa plagi, akachukua kipande cha kamba laini, akakitumbukiza katika tundu la plagi mpaka kikajaa ndani ya silinda. Akanieleza kwamba pistoni ikipanda itakutana na kamba ile na kusimama bila kuumia. "Sasa geuza," akasema, "lakini geuza kuume, kama mshale wa saa uendavyo. Nati hii hufunguliwa kinyume cha nati nyingine." Nikageuza, ikaachia. Nimeandika jambo hili kwa makusudi, ili mwanafunzi mwenzangu asidhani kwamba kitabu kilikuja kumfundisha mzee. Kila mmoja wetu alikuwa na nusu ya maarifa.

Nyuma ya klachi tuliona gia ndogo iliyochongwa kama parafujo. Mnyororo unapozunguka, parafujo hiyo huizungusha pistoni ndogo ya pampu, nene kama kalamu ya risasi hivi, nayo huenda mbele na kurudi nyuma, ikinyonya oili upande mmoja na kuitema upande wa pili. Meno ya parafujo hayakuwa yamelika. Tukaitoa pampu yenyewe, tukaiosha kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Kisha nilizamisha tundu lake la kunyonyea katika kijiko cha oili, nikaizungusha pistoni kwa kidole changu polepole. Baada ya mizunguko michache upande wa pili ulitoa povu, halafu tone, halafu tone jingine. Pampu iliyohukumiwa kufa ilikuwa nzima kabisa! Kaka yangu alipiga kelele. Baba Mkubwa hakusema neno, ila alisogeza kigoda chake karibu.

Ikawa imebaki sehemu moja tu ya njia: toka tangi mpaka pampu. Humo pana mpira mwembamba, na kwenye ncha yake pana chujio dogo linalolala chini ya tangi. Tuliuvuta mpira kwa waya uliopindwa kama ndoana. Chujio lilipotoka halikuonekana kuwa chujio. Lilikuwa donge la tope jeusi. Kaka akasema, "Hilo ndilo! Safisha turudishe." Nami ningaliweza kukubali, maana hakika lilikuwa limeziba. Lakini nilijiuliza: chujio likiziba oili hupungua polepole, mbona hii ilikatika kabisa? Nikauchukua mpira, nikaziba ncha moja kwa kidole, nikauzamisha katika bakuli la maji na kupuliza ncha ya pili. Viputo vilitoka mahali pale mpira unapopita katika ukuta wa tangi. Nilipoupinda, ufa ulifunguka kama mdomo. Mpira ulikuwa umekakamaa kwa uzee.

Kila mtu aliyepata kunywa soda kwa mrija ajua jambo hili. Mrija uliotoboka hauvuti soda, huvuta upepo. Chujio lilipokuwa safi, pampu ilivuta bila shida na ufa haukuwa na madhara makubwa. Chujio lilipoziba, pampu ilivuta kwa nguvu zaidi, na upepo ukaona njia nyepesi kupita kwenye ufa. Hivyo ubovu mmoja uliuamsha ubovu wa pili. Tungalisafisha chujio tu, chensoo ingalifanya kazi siku chache kisha ikakauka tena, pengine katikati ya misindano ya mjane.

Mpira wa chensoo ile haukupatikana. Kaka alikwenda kwa fundi wa pikipiki akanunua kipande cha mpira wa petroli, kilicho kinene kidogo kuliko tundu la tangi. Tulikata ncha yake mshazari, tukaipaka oili, tukaipenyeza katika tundu na kuivuta kwa koleo mpaka mpira ukabanwa sawasawa na ukuta wa tangi, pasipo kuacha nafasi. Chujio tuliliosha mara tatu. Tulizibua pia kijitundu cha hewa cha tangi, maana hewa isipoingia oili haitoki. Watumiao maziwa ya kopo wajua kwamba sharti watoboe matundu mawili. Tukalijaza tangi oili, tukaiweka chensoo juu ya karatasi usiku kucha. Asubuhi karatasi ilikuwa kavu.

Siku ile baridi ilikuwa kali na ukungu ulifunika bonde lote, kama ilivyo kawaida ya Mufindi mwezi wa Juni. Tulifunga bapa, tukilipindua ili upande uliokuwa chini uwe juu, maana upande mmoja ukitumiwa siku zote hulika peke yake. Mnyororo wa zamani ulikuwa umeungua, haufai tena, tukafunga mpya. Baba Mkubwa aliiwasha, akaielekeza ncha ya bapa kwenye gogo la mlingoti lililomenywa gome, jeupe kama karatasi, akiacha nafasi ya shubiri moja bila kuligusa. Hii ndiyo njia ya kupima: oili ikifika, mnyororo hurusha matone ukingoni na kuchora mstari juu ya kitu cheupe. Alivuta moto. Gogo likabaki jeupe. Akaendelea kuvuta. Kaka alinitazama, nami nikalitazama gogo tu. Mpira mpya ulikuwa bado una hewa ndani, na oili ilikuwa nzito kwa baridi. Halafu yalionekana madoa mawili, kisha matano, kisha mstari mwembamba wa kahawia ukajichora toka juu hata chini ya gogo. Baba Mkubwa aliizima chensoo, akaugusa mstari ule kwa kidole, akaunusa. Akaniambia, "Haya, nenda kaniletee kofia yangu."

Lakini mambo hayakuishia hapo, maana lilibaki jambo moja gumu kuliko klachi. Oili aliyotaka kuitia Baba Mkubwa ilikuwa ni ile ile chafu, iliyomwagwa kutoka katika injini za malori, ambayo wakataji wengi hupewa bure au kwa bei ndogo. Ndiyo iliyoziba chujio. Kumwambia mtu aliyekata miti kwa miaka zaidi ya ishirini kwamba anakosea si kazi ya kijana. Nami sikumwambia. Nilichukua lile tope la chujio, ambalo nilikuwa nimelihifadhi, nikaliweka juu ya sahani nyeupe juani, nikamwomba alisugue kwa vidole. Alilisugua muda mrefu. Ndani yake mlikuwa na chembe zinazong'aa, yaani vumbi la chuma lililokwanguka katika injini za watu. Akasema, "Kumbe nilikuwa nailisha mchanga."

Hata hivyo alikuwa na hoja, na hoja yake si ya kudharauliwa. Alisema, "Oili ya injini ya gari hukaa ndani ya injini. Hii ya mnyororo yote humwagika chini, hairudi hata tone. Kwa nini nimwage fedha?" Nikamwuliza kwa heshima amenunua minyororo mingapi tangu Januari. Akahesabu kwa vidole: minne, na bapa moja. Tukapiga hesabu kwa kijiti mchangani. Hesabu ikaonyesha kwamba fedha ile ingalinunua oili safi ya miezi yote ile, na nyingine ingalibaki. Tena madhali yote humwagika chini, humwagika juu ya ardhi yetu wenyewe, na bondeni pana kisima anachoteka Mama Mkubwa. Nilimweleza kwamba huko Ulaya wakataji wengi hutumia mafuta yatokanayo na mimea kwa sababu hiyo hiyo. Akauliza, "Kama alizeti?" Nikasema naam, jamaa ya hayo. Akajibu kwamba mafuta ya alizeti ni ya kuungia mboga, na yeye hatakubali msumeno ule vizuri kuliko watoto wake. Sote tukacheka. Mwishowe tulipatana hivi: atanunua oili mpya ya injini, namba 30, wakati ile maalumu ya minyororo isipopatikana; na kila atakapoijaza ataichuja kwa kitambaa.

Misindano ya mjane ilianza kuanguka siku ya Alhamisi. Kila petroli ilipokwisha, Kaka alifungua tangi la pili na kutazama: oili nayo ilikuwa karibu kwisha, kama inavyotakiwa. Mnyororo haukulegea ila kidogo siku ya kwanza, kama ilivyo desturi ya mnyororo mpya. Jumapili jioni, baada ya ibada, tulimaliza kukata magogo ya mti wa 40, na Jumatatu lori lilikuja saa nne asubuhi likapakia. Mama yule alituletea gunia la viazi. Nilipoondoka kurudi shuleni, mbao za kenchi zilikuwa zimekwisha kupigiliwa juu ya kuta zake. Na miti yetu michanga ingali imesimama.

Wanafunzi wenzangu, kwa wale ambao nyumbani kwao kuna chensoo, napenda kuyaweka mambo machache kwa ufupi ili mkawasomee wazee wakati wa likizo ijayo.

Kwanza, tazameni tangi la oili kila mnapojaza petroli. Petroli ikiisha na oili ikabaki vile vile, msikate hata gogo moja zaidi. Mnyororo unakwenda mkavu, na mnyororo mkavu ndio ulegeao na kuchomoka.

Pili, ondoeni waya wa plagi kabla ya kutia mkono po pote.

Tatu, anzeni na vitu rahisi: tundu na mfereji wa bapa, chujio, mpira, na kijitundu cha hewa. Pampu iwe ya mwisho kushtakiwa, kwa maana ndiyo yenye gharama, na aghalabu haina kosa.

Nne, mkiona ubovu mmoja msishangilie mapema. Ulizeni kwanza kama huo peke yake watosha kuleta madhara mliyoyaona.

Tano, pimeni juu ya gogo jeupe kila asubuhi kabla ya kazi, hasa majira ya baridi, wakati oili inapokuwa nzito. Ni kazi ya dakika moja.

Wazee wetu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mpira wetu haukuzidi urefu wa ukucha, nao ulikaribia kutuuzia shamba zima. Mimi sijui chensoo zote, nimefungua moja tu, na ziko nyingine ambazo pampu zake zimepangwa kwa namna mbalimbali. Kwa hiyo nawaomba walio na maarifa zaidi, hasa wale watokao Njombe na Makete, waandike katika toleo lijalo namna wanavyofanya huko kwao, na pia watueleze kama kuna aliyejaribu mafuta ya mimea katika chensoo, na mnyororo wake umedumu muda gani. Baba Mkubwa ameniagiza nimpelekee majibu.